Miti ya mama mkwe imekauka, naye anarudi masika

Assalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, naishi karibu na Wete, Pemba, katika nyumba ya wakwe zangu. Baba mkwe ameshatangulia mbele ya haki. Mama mkwe yupo Dar es Salaam kwa shemeji yangu mkubwa tangu mwisho wa mwaka jana, anatibiwa mguu. Siku anaondoka alinishika mkono akanitembeza uwani, akanionesha mti mmoja mmoja: mkilua wake, mlangilangi wa kwenye kona, miasumini iliyopangwa kando ya ukuta, na mhina mmoja mkubwa. Akanambia, "Nyumba anayo mwanangu. Hii nakuachia wewe, ni amana."

Mama huyu anajulikana mtaa mzima kwa maua yake. Watu wakiwa na harusi, kabla hawajakwenda sokoni hupita kwake kutafuta asumini na vilua, maua ya mkilua, vya kutungia kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Mimi mwenyewe nilipoolewa, kikuba changu kilitungwa kwa maua ya uwa huu.

Sasa vuli imetupita. Ilinyesha ya kulaza vumbi tu, kisha likaja jua la kaskazi, na mfereji ukawa unatoka usiku wa manane au hautoki kabisa. Nina watoto wadogo. Maji niliyoyapata niliyagawa: ya kunywa na kupikia, ya kutawadha, ya kufulia nguo za skuli. Yaliyooshea mchele na mboga ndiyo niliyokuwa nikiimwagia miti. Wifi yangu anakaa nyumba ya pili. Alipoona miti inanyauka alianza kuteka maji ya kisima cha bondeni, upande wa mikoko, akawa anamwagia miasumini kila jioni. Nilimshukuru sana. Lakini baada ya muda majani ya asumini yakaanza kubabuka pembezoni, rangi ya kahawia kama yaliyopitishwa motoni, kisha yakapukutika. Mhina hauna hata jani. Mlangilangi umebaki vijiti, ukishika tawi linakatika hapo hapo. Mkilua ndio unaonitia uchungu zaidi: majani yamekauka yote na bado yananing'inia mtini.

Na uwa wenyewe sasa hautamaniki. Mwezi wa Novemba walikuja mafundi wakaukata mshelisheli uliokuwa upande wa magharibi, kwa sababu matawi yake yaligusa waya za umeme. Tangu siku hiyo jua la alasiri linaingia mpaka mlango wa jiko.

Mume wangu anasema tung'oe yote. Kuna mtu Chake Chake ana miche, anataka tuinunue tuipande sasa ili mama akirudi mwisho wa Aprili aikute imeshashika. "Mtu mzima, macho yenyewe hayaoni vizuri, hatajua." Mama hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Akiuliza, "Mkilua wangu vipi?" mume wangu huichukua simu akamjibu, "Upo mama, mzima." Mimi hukaa kimya, na moyo unaniuma mpaka Ijumaa nyingine.

Wifi naye amesema mbele ya majirani kwamba nimeiacha ife kusudi. Anasema msimu wa karafuu niliwahi kutamka kuwa uwa huu ungekuwa wazi tungepata pa kutandika majamvi ya kuanikia. Ni kweli nilisema, kila mtu husema hivyo karafuu zikiwa nyingi. Lakini wallahi sijapata kuitakia mabaya hata siku moja.

Naomba unisaidie. Mvua za masika zikianza, miti hii itarudi? Nisubiri au tung'oe? Na mama nimwambie nini? Nampenda kama mama yangu mzazi. Naogopa ataingia uwani na mkongojo wake, aangalie, kisha asiniambie kitu.

Mwenye amana, Wete

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Nianze kwa kukusimulia nilivyoielewa, nisije nikajibu jambo ambalo hukuuliza. Mkwe wako amekuaminisha kitu anachokipenda. Mvua imekosekana, maji yamekuwa shida, na wewe ukatanguliza watoto. Miti sasa inaonekana imekufa. Mume wako anataka ibadilishwe kimya kimya, wifi yako anakutuhumu, na kila Ijumaa unasikia jibu likitolewa nawe upo hapo hapo. Kwangu mimi hapa pana mambo mawili, la miti na la mama, nawe umeyafunga kamba moja, kana kwamba la mama haliwezi kusemwa mpaka la miti lijulikane. Nitalirudia hili. Kwanza tuingie uwani.

Mti usio na majani si lazima uwe umekufa. Maji ya mti hupotelea zaidi majanini, na vichaka vingi vikizidiwa na kiangazi huyaangusha majani ili vibakishe kidogo kilichomo kwenye shina na mizizi. Nyinyi watu wa karafuu mnaujua mti kupumzika: mwaka huu mkarafuu unazaa mpaka matawi yanainama, mwakani hauna kitu, wala hakuna anayeuendea na shoka.

Basi nenda asubuhi, jua halijakolea, na ncha ya kisu. Chagua tawi, ukwangue gome lake kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele. Ukikuta chini yake kijani na unyevunyevu, tawi hilo lina uhai. Ukikuta kahawia na kukavu, usihukumu bado; shuka chini, kwangua tena, mpaka ufike shinani, kwani mti wenye kiu mara nyingi hufa kuanzia nchani ukirudi chini. Ukifika shinani bila kuona kijani, fukua udongo kwa vidole upate mzizi mmoja. Mzizi mgumu wenye nyama nyeupe au ya rangi ya maziwa ni habari njema. Mzizi mweusi unaomenyeka ganda ukiushika, huo si mzuri. Na hapo ulipoinama angalia kama kuna njia za udongo za mchwa zinazopanda shina, maana mchwa hupenda mti uliodhoofika, na huo ni ugonjwa mwingine ambao mvua haitautibu.

Sasa mti mmoja mmoja, kwa jinsi ulivyonieleza. Mhina sina wasiwasi nao sana. Ni mti wa nchi kavu, kupukutisha kiangazini ni tabia yake, na hata ukikatwa mpaka kisiki huchipua. Mlangilangi umesema ukishika tawi linakatika. Mwanangu, mti wa mlangilangi ni dhaifu hata ukiwa na afya, matawi yake huvunjika kwa upepo tu. Kwa hiyo kukatika peke yake hakujanambia kitu. Nambie rangi ya ndani ya shina.

Miasumini ndiyo iliyonifanya nisimame. Jani linaloanza kubabuka pembezoni, likaingia kahawia kutoka ukingoni kwenda kati, ni alama ninayoiogopa zaidi ya kunyauka kwa kawaida, kwa sababu ndivyo chumvi inavyofanya. Kisima kipo bondeni, upande wa mikoko, na vuli imekosekana. Mvua ikipungua, maji matamu ya chini ya ardhi hupungua na ya bahari husogea ndani. Yaonje hayo maji. Kama yana chumvi, basi kila jioni asumini ilikuwa ikinyweshwa kitu kinachoizuia kunywa. Simlaumu wifi yako, alibeba ndoo kutoka bondeni kwa mapenzi. Nasema tu kwamba usimwagie tena maji hayo mpaka uwe na hakika. Habari njema ni kuwa mvua kubwa za masika huisukuma chumvi ikashuka chini ya mizizi, na asumini ina nguvu ya kuchipua kutoka shinani. Maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kichaka kilichofyekwa na kiangazi kinaweza kukupa maua mengi mbele ya safari.

Mkilua nitakwambia ukweli wangu. Majani yaliyokauka yakabaki yananing'inia hayanipi moyo kama yaliyoanguka, kwa sababu mti ulio hai ndio unaoangusha jani. Tawi lililokufa ghafla hubaki nayo. Huenda sehemu ya juu imekwenda. Lakini nimeona katika barua yako jambo ambalo wewe umelitaja kama la kupita. Mkilua ni mti wa kivulini. Asili yake ni misitu ya pwani yetu hii, chini ya miti mikubwa. Wako uliishi miaka yote chini ya mshelisheli, na mwezi wa Novemba kivuli hicho kiliondoshwa, jua la alasiri likaupiga waziwazi, kipindi kile kile mvua ilipokosekana. Umekuja kwangu ukiamini umeuua wewe kwa kugawa maji. Sina hakika hata kidogo. Inawezekana hata ungeumwagia pipa zima kila siku usingeliweza jua lile.

Mpaka mvua ije, yapo ya kufanya yasiyodai maji mengi. Simamisha makuti upande wa magharibi wa mkilua uupe kivuli. Tandika majani ya migomba na makumbi kuzunguka kila mti, lakini yasigusane na shina. Maji matamu ukiyapata, ni bora uyamwage kwa pamoja mara moja kwa wiki, taratibu, yazame, kuliko kikombe kila jioni kinachoishia juu juu. Maji ya mchele na ya mboga hayana neno maadamu hayana chumvi. Ya sabuni ya unga usiyamwage hapo. Mbolea na samadi usitie sasa, mti uliodhoofika hauna nguvu ya kuzipokea. Na usikate matawi kwa pupa: subiri uone chipukizi limetokea wapi, ndipo ukate kilichokufa juu yake.

Swali lako la kusubiri lina mpaka gani? Mvua ikinyesha wiki ya kwanza usitarajie jani wiki ya pili. Asumini na mhina ningezipa mpaka masika yaishe, mwezi wa Mei. Mkilua na mlangilangi ningezisogeza mpaka kipupwe. Wenzetu wa nchi za baridi wana msiba wao kama huu. Baridi kali ya Disemba 2022 iliunguza vichaka vingi vya bustani Uingereza, na watu wa bustani wakashauriana wasing'oe mpaka Juni, kwa kuwa baadhi huonekana vijiti vitupu kisha vikachipua kutoka chini. Na vingine havikuchipua. Hilo nawe uliweke moyoni, nisije nikakupa matumaini kuliko ninayoyajua.

Hapo ndipo tatizo lako linapobana, kwa sababu mama anarudi mwisho wa Aprili. Huenda akaingia uwani kabla mti haujajibu.

Tulitazame wazo la mume wako bila ya kulidharau. Lina faida zake: uwa utakuwa na kijani, mama hatapokewa na vijiti. Miche ya asumini hushika vizuri wakati wa mvua. Lakini mkilua hukua taratibu mno. Mche wa leo hautafanana na mti wa miaka yote hiyo kufikia Aprili, wala hautatoa ua la kunusa. Mkwe wako macho yamepungua, pua yake haikupungua, na mtu aliyepanda mti anajua umesimama hatua ngapi kutoka ukutani. Tena mkiung'oa mkilua ambao mzizi wake ungali hai, hakuna wa kuurudisha. Na akigundua, atakuwa na misiba miwili, wa mti na wa kutoambiwa, na wa pili utakuwa na sura yako hata kama wazo halikuwa lako. Je, mume wako umemuuliza anaogopa nini? Mtoto wa kiume mwenye mama mgonjwa mbali na nyumbani, anayejibu "mzima" haraka hivyo, pengine hajibu habari za mkilua. Kaa naye usiku watoto wamelala, umuulize hilo tu, usianze na kosa lake.

Njia ya pili ni kunyamaza mpaka mvua ioneshe. Inavutia, kwa sababu unaweza kuja kumwambia, "Mama, ilitaka kufa lakini ipo." Hatari yake ni kwamba zimebaki Ijumaa kadhaa kabla ya hapo, na kila moja inaongeza uzito wa jibu ambalo itabidi lifutwe. Wewe mwenyewe umeniambia Ijumaa zinakufanya nini.

Njia ya tatu ni kumwambia sasa, kwa simu. Hili nalo lina hatari yake: mtu yupo kwenye matibabu, habari ya simu haina uso, na umbali hukuza jambo. Ningelipenda kwanza uzungumze na shemeji yako mkubwa, umuulize hali ya mama ikoje na lini ana wepesi wa moyo. Lakini kuna dhana moja nataka uigeuze kidogo. Katika barua yako yote umemweka mama kwenye kiti cha kadhi. Umesahau kwamba katika familia yenu yeye ndiye anayeijua miti hii kuliko mtu yeyote. Ameshapitia viangazi vingapi na mkilua ule? Huenda anajua kisima kipi kina chumvi na kipi ni kitamu. Huenda akakuelekeza kulaza tawi la asumini ardhini, ulifukie lipate mizizi, ili mche mpya utokane na ule ule wa zamani. Kumwambia, "Mama, miti yako ina hali mbaya, nifanye nini?" si sawa na kumwambia, "Mama, miti imekufa." Ya kwanza ndiyo iliyo kweli leo, maana iliyokufa bado huijui.

Umelitumia jina la amana, na naona ndilo linalokukosesha usingizi. Masheikh wetu wanafundisha kwamba aliyewekewa amana halipi kilichoharibika pasipo uzembe wake. Mzazi aliyegawa maji kidogo kati ya koo za watoto na mizizi ya miti, akaipa miti yaliyobaki, mimi sioni kwamba alizembea. Lakini hukumu ya jambo lako siiweki mimi, na ukitaka utulivu zaidi muulize sheikh wa mtaani kwenu unayemwamini.

Kuhusu ile hofu yako kwamba ataangalia kisha asikwambie kitu, nadhani inawezekana. Mtu akifiwa na kitu huhitaji kimya. Ukimya wake huo usiuhesabu moja kwa moja kuwa ni hasira juu yako. Mpe siku zake.

Limebaki la wifi. Maneno yake mbele ya majirani yameumiza, wala sikwambii uyameze. Ila mwanamke aliyeteka maji bondeni jioni baada ya jioni, kisha akaona majani yanababuka pale pale alipomwagia, huenda analo linalomkwaza ambalo hajalisema. Ukimwendea na habari ya chumvi kama silaha, utashinda maneno na utampoteza jirani. Unaweza kumwita siku utakayokwangua matawi, mshike kisu kwa zamu, muone pamoja palipo kijani na palipo kahawia, kisha maji ya kisima muyaonje wote wawili. La jamvi na karafuu mwambie hapo hapo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Hayo yote yafanye kabla mvua haijaanza, maana ikishanyesha kila kitu kitalowa, na rangi ya chini ya gome ndiyo utakayohitaji kumwelezea mama atakapouliza.